Kitufe cha Ubuyu

Haikuwa kubwa. Ukiiweka kando ya mkate wa bofulo,
mkate ungeishinda.
Nyeusi, vitufe vya mpira laini kama ndewe za masikio.
Mgiriki wa mkonge alimwachia baba, Barabara ya Nane,
badala ya fedha ya ufundi wa redio mbili,
akaenda kwao, asirudi.

Televisheni hatukuwa nayo. Tulikuwa na za wateja.
Iliyopona, ikisubiri mwenyewe, ndiyo yetu:
leo ya Mzee Shemdoe, kesho ya klabu ya Reli.
Wenyewe wakija, wanaondoka na dunia yetu begani,
nasi tunabaki tunaandika bila kuona.

Kaseti ilikuwa ya mawaidha. Tuliziba vitundu vyake
kwa karatasi ya sigara, tukarekodi juu yake.
Ukiipiga inalia kama nyigu ndani ya debe,
kisha kama debe lenyewe,
hata Bi Mwanakombo wa ukuta wa pili
akabisha hodi na ungo mkononi:
"Kama mnasaga, nina mahindi yangu kidogo."

Adapta ilichemka. Dawa yetu ubuyu wa barafu,
pakiti moja juu yake, ya pili mdomoni.
Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, nikasahau.
Barafu ikawa maji mekundu, maji yakatafuta njia,
njia ikapita chini ya M.

Baba aliuliza mara moja. Mwantumu akasema, "Ni mimi."
Mkanda haukuuliza mara ya pili.

Kesho yake dada alirudi kwenye mchezo wake wa kubahatisha namba.
Palipotaka M akaweka N, akaendelea,
kama mtu anayeruka ngazi mbovu ya nyumba aliyozaliwa.

Miaka thelathini na nane.
Mashine ilizuia mlango wa stoo, kisha sijui.
Kaseti niliikuta chini ya kabati
wiki ile nilipotia saini nyumba iuzwe
na Mwantumu akaacha kupokea simu zangu.

Sasa ni saa saba usiku, Chumbageni.
Kaseti inaingia kwenye laptop kwa waya wa kuazima.
Nimezungusha skrubu ya redio, robo ya robo,
kwa sikio, kama baba.
Ipo programu inayojifanya mashine ile,
inaiga hata kusitasita kwake.
Mara kumi na moja ilikataa.
Ya kumi na mbili ikatoka mbio,
mchezo ukaanza, ukaisha, ukanicheka
kidole kikiwa bado hewani.
Nikaifunga breki: mwendo wa mwaka ule, tafadhali.

Pembeni mwa kioo mistari ikatetemeka, buluu, njano.
Halafu, herufi kwa herufi:

NINEFIKIRI NANBA
NOJA NPAKA NIA
WEWE NANI?

Kibodi hii ina M nzima, safi, inabofyeka.
Kidole changu kiliipita
kama mtu apitaye mlango wa anayemdai.
Nikaandika NHINA.

Hamsini. NDOGO NNO.
Themanini. KUBWA NNO.
Sitini na tatu, sabini na moja, nikachoka,
nikapoteza vilevile nilivyokuwa nikipoteza
nikiwa na miaka tisa na meno mekundu.

UNESHINDWA NDUGU YANGU
JARIBU TENA? N/H

Sikubofya kitu.
Nilipiga picha kioo hicho, nikaituma Muheza
bila salamu, bila maelezo,
nikaketi nikisikiliza feni.

Tiki mbili. Zikawa buluu.
Anaandika.
Kimya.
Anaandika.
Kimya kirefu, hata nikaenda kuchemsha maji,
nikarudi bila kikombe.

Herufi moja tu ilikuwa imefika:

N